Kifundo kinachoteguka kila mara: jibu kwa askari wa kutuliza ghasia

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni askari wa kutuliza ghasia, nina miaka 31. Kifundo cha mguu wangu wa kulia kimeteguka mara tatu tangu mwaka juzi. Mara ya kwanza tulikuwa kwenye mazoezi ya ngao, mara ya pili nilikuwa naruka kutoka kwenye gari, na wiki tatu zilizopita nilikanyaga tu jiwe nikitoka lindo. Kila mara napewa ED (ruhusa ya kupumzika kazi kwa ugonjwa) ya siku tano au saba, nakandwa na maji ya moto, narudi kazini. Binamu yangu ni polisi Marekani. Anasema kikosini kwao kuna mtu maalumu wa kuangalia majeraha ya askari, kama yule wa timu za mpira. Huyo ni daktari au mwalimu wa mazoezi? Na sisi tunaweza kumpata? Kwa sasa nifanye nini na mguu huu kabla haujaniharibia kazi? Pia mdogo wangu wa kike yuko depo kwenye mafunzo ya uaskari, anaumwa ugoko lakini anaogopa kusema.

JIBU: Marahaba, Afande. Mimi si daktari, ni mtu wa fiziotherapia, lakini miguu ya askari naifahamu.

Nianze na mdogo wako ingawa umemweka mwisho. Katika yote uliyoandika, lake ndilo linaloweza kuharibika ndani ya wiki moja.

Maumivu ya ugoko kwa kuruta huja kwa sura mbili. Sura ya kwanza ni ya wengi. Maumivu yametanda kwenye ukingo wa ndani wa mfupa, sehemu ndefu ya sentimita 5 au zaidi. Yanauma mchakamchaka unapoanza, yanapoa mwili ukishapata moto, yanarudi jioni. Hayo hutulia akipunguziwa mbio na kurudishwa polepole. Sura ya pili ni ufa kwenye mfupa, na huo una dalili zake: anaweza kukuonyesha kwa ncha ya kidole kimoja mahali panapouma, maumivu yanazidi kadiri anavyokimbia, na baada ya siku chache yanamfuata hadi kitandani. Mwambie aruke mara chache kwa mguu huo peke yake. Akishindwa kwa maumivu, asikimbie tena mpaka aonwe na daktari.

Jambo hili ni la zamani katika majeshi. Breithaupt, daktari wa jeshi la Prussia, aliandika mwaka 1855 kuhusu askari waliovimba nyayo baada ya kutembea masafa marefu. Eksirei zilipopatikana mwishoni mwa karne hiyo ndipo ikaonekana kwamba ile ilikuwa mifupa iliyopasuka bila mtu kuanguka wala kugongwa. Mfupa unaopewa mzigo mpya hubomoa sehemu ya zamani kwanza, ndipo ujenge mpya. Binti aliyekuwa akikaa nyumbani akisubiri ajira, kisha ghafla akaanza kukimbia kila alfajiri na kupiga kwata juani kutwa, mfupa wake unabomolewa kwa kasi kuliko unavyojengwa. Ndiyo maana wengi huumia katika wiki za mwanzo.

Kuna mtego hapa. Eksirei ya wiki mbili tatu za mwanzo mara nyingi hutoka safi. Akipigwa picha, akaambiwa mfupa ni mzima na kurudishwa kwenye mbio wakati kidole bado kinagusa palepale na anaruka kwa maumivu, picha hiyo haijathibitisha kitu. Irudiwe baada ya wiki mbili hivi, na kabla ya hapo asikimbie. Muulize pia kama anapata siku zake kama kawaida. Ukiona haya, mama amuulize. Mwanamke anayefanya kazi nzito huku anakula kidogo anaweza kukosa hedhi, na mwili unaosimamisha hedhi kwa njaa hausimamishi hilo peke yake, unaacha hata kujenga mifupa. Wanawake depo hupata nyufa hizi zaidi ya wanaume, na uzembe hauhusiki.

Akikwambia maumivu yamepanda kwenye kinena au mbele ya nyonga, hapo hakuna kusubiri. Aonwe siku hiyohiyo. Ufa kwenye shingo ya mfupa wa paja ukiachwa ukavunjika kabisa, kinachofuata ni upasuaji, na pengine kuaga uaskari. Najua anachoogopa: kurudishwa nyumbani. Lakini ufa wa ugoko uliowahiwa humweka nje ya mbio kwa wiki kadhaa, na muda huo anaweza kuendelea na darasa, silaha na mazoezi ya mikono. Akiuficha mpaka uvunjike, hatakuwa tena na cha kuchagua.

Sasa mguu wako.

Nje ya kifundo kuna kano tatu. Ile ya mbele ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo huchanika kwanza wayo ukipinduka kuelekea ndani. Kushika mifupa ni nusu tu ya kazi ya kano hizo. Ndani yake kuna neva zinazoupasha ubongo habari kila wakati mguu umekaa vipi, na ubongo huamuru misuli ya upande wa nje wa shavu la mguu ivute wayo urudi kabla haujapinduka. Kano ikichanika, habari hizo huchelewa. Uvimbe huisha, maumivu huisha, unatembea vizuri, lakini mawasiliano yale hayarudi yenyewe mpaka yafundishwe upya. Ndiyo maana mara ya kwanza ilihitaji ngao na msukumano, na mara ya tatu ikatosha jiwe.

ED ya siku saba inasema umepumzika siku saba. Haisemi mguu unaweza nini. Wewe umepumzishwa mara tatu na hukurudishwa hata mara moja, na kwa maoni yangu hilo ndilo tatizo lako zima.

Ukiteguka tena, usianze na maji ya moto. Kukanda na kuchua sehemu iliyochanika katika siku mbili tatu za kwanza huongeza damu na uvimbe, hata kama mikono ya bibi ni myepesi namna gani. Kwanza jiulize kama kuna mfupa uliovunjika. Hospitali nyingi duniani hutumia kanuni iliyotungwa Ottawa, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wewe mwenyewe unaweza kuikumbuka. Bonyeza ukingo wa nyuma wa vile vinundu viwili vya kifundo, cha ndani na cha nje, kuanzia ncha hadi sentimita 6 kupanda juu. Bonyeza pia mfupa uliotokeza katikati ya ukingo wa nje wa wayo, na ule wa juu ya tao la ndani. Mfupa wenyewe ukiuma kwenye mojawapo ya sehemu hizo, nenda kapige eksirei. Vilevile nenda ikiwa ulishindwa kupiga hatua nne palepale ulipoumia, hata kwa kuchechemea, na ukashindwa tena ulipofika zahanati. Vyote hivyo visipokuwepo, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana na fedha ya picha unaweza kuiacha mfukoni.

Kuhusu barafu, watu wanagombana. Ule ushauri wa kupumzisha, kuweka barafu, kufunga na kuinua mguu ulienezwa na daktari Mmarekani, Gabe Mirkin, mwaka 1978. Mwaka 2014 yeye mwenyewe aliandika kwamba barafu na kupumzika kabisa vinaweza kuchelewesha kupona. Mimi siikatazi: dakika 10 au 15 juu ya kitambaa, siku ya kwanza, kutuliza maumivu, basi. Kilicho muhimu zaidi ni bandeji ya kubana kiasi, kuinua mguu unapokaa, na kuanza kuukanyaga mapema kadiri maumivu yanavyoruhusu. Mguu uliowekwa kitandani wiki nzima hurudi mgumu na mnyonge.

Kuhusu vidonge, anza na parasetamo. Diklofenaki naona imekuwa peremende vikosini, askari wanaimeza asubuhi ili wakimbie. Inaumiza tumbo, na kwa mtu anayetoka jasho jingi juani bila maji ya kutosha inaweza kuumiza figo. Isitoshe, inafunika maumivu yaleyale ambayo yangekwambia simama.

Wiki tatu zimepita, kwa hiyo umevuka hatua hiyo. Kabla ya kuanza chochote jipime, ukiwa peku, mguu mmoja baada ya mwingine. Simama mbele ya ukuta, gusa ukuta kwa goti bila kisigino kunyanyuka, kisha rudisha wayo nyuma mpaka ufike mwisho wa uwezo. Pima kutoka ukutani hadi kidole gumba. Mguu wa kulia ukipungua zaidi ya sentimita 2 kuliko wa kushoto, kifundo bado kimekakamaa. Kisha simama kwa mguu mmoja, macho yamefumba, hesabu sekunde. Kisha nyanyuka kwa vidole vya mguu mmoja huku umegusa ukuta kidogo tu, uone unafika mara ngapi. Askari wa umri wako nataka afike 25. Andika namba zote. Nina hakika kushoto na kulia hazitafanana.

Mazoezi ni ya wiki 8, dakika 15, siku tano kwa wiki. Hayahitaji jimu. Kata kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, kifunge kwenye mguu wa kitanda, pitisha wayo, uvute kwenda nje polepole na urudi polepole zaidi, mara 15 kwa mizunguko mitatu. Panda na kushuka kwa vidole kwenye ukingo wa ngazi, kisigino kikishuka chini ya ukingo, idadi hiyohiyo. Halafu simama kwa mguu wa kulia: kwanza sakafuni, ukizoea juu ya blanketi lililokunjwa, ukizoea zaidi huku unarusha mpira ukutani na kuudaka. Hili la mwisho watu hulidharau kwa kuwa halitoi jasho, na ndilo lenye ushahidi mzuri kuliko yote kwa aliyekwisha kuteguka. Hata lindoni unaweza kulifanya, ndani ya buti, hakuna atakayejua.

Kuanzia wiki ya nne hivi, ikiwa kusimama hakukuumizi tena, anza kuruka: mbele, nyuma, pembeni, kwanza kwa miguu miwili, kisha kwa mmoja. Kisha mbio za kuchanganya na kutembea kwenye udongo laini, kisha kukata kona. Kipimo cha kurudi ni hiki: ruka kwa mguu mmoja kwenda mbele mara moja, utue bila kuyumba, upime umbali. Mguu wa kulia ukifikisha asilimia 90 ya wa kushoto, na zile namba za mwanzo zimelingana, unakaribia.

Nasema unakaribia kwa sababu hapo ndipo askari anapotofautiana na mcheza mpira, na ndipo hata baadhi ya wataalamu wenzangu hukosea. Mcheza mpira anaijua saa ya mechi, anapasha mwili moto na anavaa viatu vyepesi. Wewe unakaa kwenye difenda kwa muda wa saa nne, magoti yamekunjwa, kisha filimbi inapigwa na unaruka chini ukiwa na kofia ngumu, fulana ya kinga na ngao. Hakuna wa kukupa dakika kumi za kujinyoosha. Tena ngao inakuzuia kuona unapokanyaga. Kifundo kilichofaulu kwa raba uwanjani kinaweza kufeli hapo. Kwa hiyo wiki mbili za mwisho rudia yote ukiwa na buti, kisha na fulana, kisha na ngao, ukimalizia na kuruka kutoka kwenye gari lililosimama. Na unapokaa garini, zungusha vifundo na kunyanyua visigino kila baada ya muda. Hiyo ndiyo pasha yako.

Kwa muda wote huo, na kwa miezi sita hadi mwaka baada yake, vaa kifunga kifundo chenye kamba ndani ya buti kila unapokwenda mazoezini au operesheni. Maduka ya vifaa tiba wanavyo. Utaambiwa kinadhoofisha mguu. Hakidhoofishi, mradi mazoezi yanaendelea, na kwa mtu mwenye historia yako kinapunguza kuteguka tena. Ukifanya haya kwa uaminifu miezi mitatu na bado mguu unakuponyoka kwenye ardhi tambarare, nenda kwa daktari wa mifupa, MOI (taasisi ya mifupa ya Muhimbili) kama uko Dar, KCMC (hospitali ya rufaa ya Moshi) kama uko Kaskazini. Huenda kano imelegea kiasi cha kuhitaji kushonwa, au kuna kidonda kwenye gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo.

Nije kwa binamu yako. Mtu anayemsema si daktari, na mwalimu wa mazoezi pia siye, ingawa hata Wamarekani wenyewe humchanganya na huyo wa jimu. Ni mtabibu wa wanamichezo, kwa Kiingereza "athletic trainer", kada ya afya kamili. Siku hizi kuingia kwenye kazi hiyo ni kwa shahada ya uzamili na mtihani wa kitaifa, na karibu kila jimbo linamdhibiti kisheria. Hufanya kazi akishirikiana na daktari. Chama chao cha kitaifa kilianzishwa Kansas City mwaka 1950, na Chama cha Madaktari cha Marekani kiliitambua kada hiyo mwaka 1990. Walianzia kwenye timu za vyuo, baadaye majeshi yakawachukua, kisha polisi na zimamoto. Si kila kikosi kinaye. Vikosi vingi vya polisi kule ni vidogo mno kuajiri mtu wa namna hiyo.

Kazi yake si ya miujiza. Mashine anazo chache na nyingi ya hizo mimi nisingezinunua. Anachowapa ni ukaribu. Yuko pale pale kwenye uwanja wa mafunzo, saa kumi na mbili asubuhi, askari wanapoanza. Anayeumwa goti tangu jana anapita, anaangaliwa kwa dakika tano, anaambiwa leo usikimbie, fanya hivi, kesho nione. Hakuna foleni, hakuna safari ya hospitali, hakuna fomu inayotangulia maumivu. Jeraha linashikwa likiwa dogo. Mtu akianguka kwa joto, mwili unawaka na anaongea asiyoyajua, yeye ndiye anayemzamisha kwenye pipa la maji ya barafu palepale, na gari la wagonjwa linafuata baadaye, kwa sababu ubongo haungoji foleni ya barabarani. Ndiye pia anayemjua kuruta aliyerithi jeni ya sikoseli kwa mzazi mmoja tu, asiyeumwa siku zote lakini anayeweza kuzimia akilazimishwa kukimbia kwa nguvu zote bila kupumzika.

La pili ni siri. Kwa utaratibu mzuri, mkuu wa kikosi huambiwa askari huyu anaweza nini na hawezi nini wiki hii. Ugonjwa wenyewe unabaki kati ya mgonjwa na mtabibu. Bila hilo hakuna atakayepita mlangoni kwake, kule wala hapa. Polisi wa Marekani naye huficha maumivu akiogopa kukosa malipo ya saa za ziada au kupandishwa cheo, kama mdogo wako anavyoficha ugoko.

Je, sisi tunaweza? Kada yenye jina hilo hatuna, na sioni sababu ya kuisubiri. Watu wa fiziotherapia tunao, KCMC imekuwa ikiwafundisha kwa miongo mingi, na kwa majirani zetu Kenya chuo cha tiba cha KMTC kinafanya hivyohivyo. Kinachokosekana ni kumtoa mtu huyo wodini na kumleta uwanjani. Ukipata nafasi ya kuzungumza na mkuu wako, usiombe kituo kipya wala bajeti ya vifaa. Hapo mazungumzo yatafia. Omba mtu mmoja wa fiziotherapia asubuhi mbili kwa wiki, chumba chenye meza na pazia, na daftari. Daftari ndilo litakalowashawishi wakubwa. Kila anayeumia aandikwe siku hiyohiyo: sehemu ya mwili, zoezi gani, uwanja gani, viatu gani. Baada ya miezi michache utashangaa majeraha yanavyorundikana mahali pamoja, labda kona moja ya uwanja yenye mashimo, labda siku inayofuata mkesha wa ulinzi, labda zoezi moja ambalo mkufunzi analipenda kupita kiasi. Kamanda anayesikia kwamba hana askari kumi wa kupanga zamu wiki hii kwa sababu ya shimo, atalifukia.

Mkumbushe pia, kwa heshima, kwamba Jeshi la Polisi lina timu ya mpira iliyocheza Ligi Kuu. Mchezaji akilala chini, kuna mtu anayekimbia uwanjani na begi. Kuruta akilala chini kwenye mchakamchaka, wa kwanza kumfikia mara nyingi ni mwenye filimbi. Huyo mwenye filimbi basi afundishwe mambo machache: hatua nne, kidole kimoja kwenye ugoko, maumivu ya kinena, na pipa la maji. Ni somo la asubuhi moja.

Kwa upande wako, hata kabla ya hayo yote, tafuta mtu wa fiziotherapia sasa, katika hospitali ya polisi au ya mkoa, akuone mara moja kila wiki mbili akusogeze hatua. Hakikisha kuteguka kwa wiki tatu zilizopita kumeandikwa kwenye faili lako kwamba kulitokea ukitoka lindo, pamoja na tarehe, maana miaka ikipita hakuna atakayekumbuka. Na siku ya kwenda kwake chukua zile namba ulizojipima na ubebe buti zako, zilezile unazovaa kazini. Azigeuze aangalie soli. Ikiwa kisigino kimelika upande wa nje zaidi, zipeleke kwa fundi viatu kwanza, mazoezi yaanze kesho yake.